BMW 3 Series: ubaki na ranflati au uhamie rimu nyepesi?

Anayeagiza BMW 320i kutoka Japani, iwe E90 au F30 iliyoifuata (hayo ni majina ya vizazi vya gari hili), mara nyingi hupokea gari lisilo na spea. Inua zulia la buti: hakuna tairi, hakuna jeki. Kiwanda kililifunga ranflati, yaani matairi yenye ubavu mnene unaobeba gari hata upepo ukiisha wote. Kashata, yaani meno ya tairi, zinapoisha na bei ya seti mpya ikatajwa, ndipo watu huanza kuulizia matairi ya kawaida na rimu nyepesi.

Kwanza jua ulicho nacho. Ubavuni Bridgestone huandika RFT, Michelin ZP, Continental SSR, Goodyear ROF. Nyota ndogo maana yake BMW waliliidhinisha tairi hilo, si kwamba ni ranflati. Wauzaji hulichanganya sana hili. Soma pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, ule wa utengenezaji ulio ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kuagiza huweza kufika na kashata nzuri juu ya mpira uliokauka, wenye nyufa ndogondogo ubavuni.

Haki yake ranflati tuipe. Ikiisha upepo, kwa kawaida inakupeleka kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, na pungufu ya hapo ukiwa umejaza abiria na mizigo. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na humo hakuna anayetaka kupiga magoti kando ya gurudumu akifungua boliti. Ni hivyo hivyo kwa anayeendesha peke yake usiku. Kama hizo ndizo safari zako za kila wiki, lipa bei ya ranflati na usisikitike.

Tatizo linaanza kwenye mashimo, matuta na rasta (vituta vidogo vinavyofuatana). Ubavu mgumu haunyumbuki, kwa hiyo pigo ambalo tairi lingelimeza linakwenda kwenye rimu, kisha kwenye bushi na shokapu. Rimu za inchi 18 na 19 hupasuka upande wa ndani, usioonekana gari likiwa chini. Tairi linapoteza upepo polepole, fundi anatafuta msumari haoni, anabadilisha valvu, na wiki ijayo umerudi pale pale. Mwambie alitumbukize gurudumu zima kwenye maji na aangalie mapovu kwenye pipa la rimu, yaani duara pana linalobeba tairi, si kwenye kashata tu. Rimu iliyopasuka huchomelewa, lakini ufa ukiwa umefika kwenye spoku, iache.

Kuziba pancha nako kuna masharti. Msumari wa katikati ya kashata, ukigundulika mapema, unazibika kwa kiraka cha ndani. Tairi lililotembea tupu ni jambo jingine, na watengenezaji wengi hawashauri lizibwe. Livuliwe, upitishe kiganja ndani ya ubavu. Kiganja kikitoka na unga mweusi wa mpira, au vidole vikagusa mkunjo uliozunguka duara zima, ubavu umeshasagika. Na usimruhusu fundi wa kando ya barabara avue ranflati kwa vyuma viwili na nyundo: mdomo wake, yaani ukingo unaoshika rimu, ni mgumu, nyaya zilizomo hukatika, na hutajua mpaka tairi limegoma kushika upepo. Inahitaji mashine yenye mkono wa kusaidia.

Sasa uzito. Ranflati humzidi mwenzake wa kawaida wa saizi ile ile kwa kilo 1.5 hadi 3. Rimu ya kumimina ya inchi 18 huwa kilo 10 hadi 12. Ya inchi 17 ambayo pipa lake limekandamizwa kwa rola likiwa la moto hupatikana kwa kilo 8 hivi. Ya kufuliwa, yaani chuma kilichopondwa badala ya kumiminwa, ni nyepesi zaidi, ila bei yake ni ya wenye kwenda mashindanoni. Kwa jumla unaweza kupunguza kilo 4 hadi 6 kila gurudumu. Kilo iliyo kwenye kashata hulemea injini wakati wa kuongeza mwendo karibu sawa na kilo mbili za kwenye buti, kwa sababu lazima isogezwe na izungushwe pia. Lakini gari lina tani moja na nusu. Usitarajie 320i igeuke 335i yenye injini kubwa, wala mafuta yapungue kwa namna utakayoiona kituoni. Faida unaipata kwenye matuta: gurudumu jepesi hushuka haraka kwenye lami baada ya kuruka, na usukani hautikisiki ovyo.

Kwa E90 saizi zenyewe zinajieleza. 225/40 R18 ina ubavu wa milimita 90. 225/45 R17 ina 101. 205/55 R16 ina 113, na vipenyo vyote vinakaribiana. Chaguo letu ni 17, na kwa barabara ya vumbi 16, rimu ya kiwandani yenye upana wa inchi 7 na ofseti 34 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi inapogusa habu). Mwenye 335i asijaribu 16, maana diski yake ya mbele ni milimita 348. Kwa F30, 225/50 R17 kwenye rimu ya 7.5 yenye ofseti 37 inatosha kabisa.

Rimu zote hizo ni matundu 5 kwa 120, yaani boliti tano kwenye duara la milimita 120, na tundu la kati ni milimita 72.6. Ukinunua yenye tundu kubwa zaidi, weka ringi ya kujaza nafasi iliyobaki. Bila hiyo usukani utatetemeka hata ukibalansi mara kumi. Boliti za E90 ni M12, kaza 120 Nm; za F30 ni M14, kaza 140 Nm. Hazibadilishani. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Rimu isiyo na alama ya JWL (ya viwango vya Japani) na uzito wa juu uliochapwa nyuma, hata ing'ae vipi, muachie muuzaji.

Badilisha manne kwa pamoja. Ranflati na la kawaida kwenye ekseli moja huvuta gari likiwa konani. Usukani utakuwa mlaini kidogo siku za mwanzo. Fuata upepo wa kwenye kibandiko cha mlangoni, na kama kona zinalegea ongeza psi 2. Kisha anzisha upya mfumo wa kuonya upepo kwenye menyu, kwa sababu E90 nyingi hukisia upepo kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu.

Gharama ambayo watu huisahau ni ya spea. Nunua gurudumu jembamba la akiba lenye matundu hayo hayo, jeki, spana ya 17 na kamba ya kulifunga, maana buti la E90 halina shimo la kulilaza. Asiyetaka kupoteza nafasi abebe kompresa ya volti 12 na kamba za kuziba pancha, akijua kuwa ubavu ukichanika haviwezi kumsaidia.