Deraya ya Kikosi cha Delta: uzoefu wangu ndani ya Republic Commando

Kwa miaka sita sasa naenda kazini kwa pikipiki, Mbagala hadi Kariakoo, kwa hiyo helmeti naijua. Najua kioo kinavyoshika ukungu asubuhi za masika. Najua lori likikanyaga dimbwi mbele yako tope linavyokuja lote usoni. Ukifuta kwa glavu unalisambaza tu, na kwa mita kadhaa unaendesha kwa kudra za Mungu. Naanza na hayo kwa sababu gemu ninayoielezea hapa ilinikamata kwa kioo cha helmeti, kabla ya bunduki na kabla ya hadithi.

Gemu yenyewe ni Star Wars: Republic Commando. Kampuni ya LucasArts iliitoa Machi 2005 kwa Windows na Xbox, na mwaka 2021 ikaja upya kwenye PlayStation 4 na Nintendo Switch. Mimi ninayo ya kompyuta, niliinunua Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, iliposhushwa bei. Nimeimaliza mara mbili, mara ya pili kwa kiwango kigumu zaidi, usiku baada ya kazi, mdogo wangu akiwa ameketi kitandani pembeni yangu akifuatilia kila hatua. Sitaeleza kila kitu kilichomo. Nataka kusema habari za vifaa: ile deraya, helmeti, bunduki, na jinsi inavyokuwa ukiwa ndani yake, maana nimecheza gemu nyingi za vita ambazo deraya ni picha tu, unaibadilisha rangi kwenye menyu halafu unaisahau.

Unakuwa RC-1138, wenzake humwita Boss, kiongozi wa Kikosi cha Delta, makomandoo wanne wa jeshi la makloni, yaani askari waliokuzwa maabara kwenye sayari ya Kamino kutokana na mtu mmoja, Jango Fett. Dakika za mwanzo unatazama kwa macho yake mwenyewe anavyolelewa na kufunzwa. Kisha anavishwa helmeti, na tangu hapo ulimwengu wote unauona kwa kupitia kioo kile. Kingo za helmeti zinaonekana pembeni mwa skrini, kama vile mimi ninavyoziona kingo za helmeti yangu nikiwa barabarani. Uhai wako, ngao yako, hali ya wenzako, vyote vimeandikwa kwenye kioo hichohicho, na unaamini kwamba yule askari naye anaviona pale pale unapoviona wewe.

Sasa, lile lililoniteka. Kazi ya kwanza ni kwenye sayari ya Geonosis, mnapambana na viumbe wenye mabawa kama wadudu na maroboti ya vita. Mdudu mmoja alinikaribia sana, nikamchoma kwa kisu kinachochomoka kwenye glavu, damu yake ikaruka ikajaa kwenye kioo. Mkono wangu uliachia kipanya. Nadhani nilitaka kufuta. Kabla sijafanya chochote, mstari mwembamba wa mwanga ukapita juu ya kioo, ukaiondoa damu yote, na mbele kukawa kweupe. Ukipasua roboti kwa karibu, mafuta yake nayo yanaruka hivyohivyo na kusafishwa hivyohivyo. Ni kitu kidogo. Hakikuongezei risasi wala uhai. Lakini aliyekibuni alikaa akafikiri: mtu akivaa helmeti vitani, jambo gani litamsumbua kwanza? Nimelisubiri wazo hilo kwenye helmeti za pikipiki miaka yote hii.

Deraya yao katika hadithi inaitwa Katarn, jina la mnyama mwindaji wa sayari ya Kashyyyk. Ni nene kuliko ile ya askari wa kawaida, ina mzigo mgongoni, na ina ngao ya nishati. Utaratibu wake ni huu. Ukipigwa, ngao ndiyo inayoliwa kwanza. Ukijificha nyuma ya nguzo kwa muda bila kupigwa, ngao inajaa tena yenyewe. Mwili haujai. Jeraha likishapenya, unabaki nalo mpaka ufike kwenye kituo cha bacta, ile dawa yao ya kutibu, na vituo hivyo haviko kila mahali. Kwa hiyo chuma kinapona, mtu haponi, na hilo linabadilisha namna unavyotembea. Nilianza kwa kukimbia mbele kama ninavyocheza gemu nyingine, nikajikuta nina ngao kamili na uhai wa kuokotezwa, mlango unaofuata siujui una nini. Baada ya hapo nikajifunza kuchungulia.

Wenzako ni watatu. RC-1140, Fixer, mwenye alama za kijani, ni mtu wa kompyuta na wa kufuata utaratibu. RC-1262, Scorch, wa njano, ni fundi wa milipuko na mwenye maneno mengi. RC-1207, Sev, ni mdunguzi, na deraya yake imepakwa nyekundu kama aliyetoka kuchinja. Boss ana rangi ya chungwa. Nilichokipenda ni kwamba chini ya helmeti zile sura zinafanana, na vitani hakuna anayeivua. Unamtambua mwenzako kwa rangi iliyopakwa kwenye chuma na kwa sauti inayokujia masikioni kwa redio. Sauti ya Boss ni ya Temuera Morrison, mwigizaji yuleyule aliyemwigiza Jango Fett kwenye sinema, jambo ambalo lina mantiki kabisa. Ilinichukua kama saa moja kuzizoea rangi. Kufikia saa ya tatu nilikuwa naona chembe ya njano nyuma ya moshi na najua ni Scorch, na najua atasema nini.

Bunduki yao ni DC-17m, na hii inastahili maneno yake. Ni moja lakini ni tatu. Ilivyo kawaida ni blasta, yaani bunduki ya nishati, ya kufyatua mfululizo, magazini ya risasi 60, inafaa kwa wadudu na maroboti mepesi. Ukibadilisha, unaona mikono ya Boss ikichomoa kipande cha mbele na kupachika kingine, na sasa ni bunduki ya mdunguzi yenye darubini na risasi tano. Badilisha tena, imekuwa ya kurushia bomu la kutobolea vyuma, moja moja. Hakuna uchawi wa silaha kutokea hewani. Unaiona mikono ikifanya kazi, unaisikia ile sauti ya kipande kikikaa mahali pake, na muda huo wa kubadilisha ni muda halisi ambao adui anakusogelea.

Kosa langu kubwa lilitokea hapo. Lipo roboti zito la vita, pana kifuani, ambalo risasi za blasta hulichoma bila kulisimamisha. Mara ya kwanza nilililenga nikamaliza magazini nzima huku likinifuata kwa hatua zake. Nikaamua kubadilisha kuwa ya bomu likiwa tayari limenifikia. Nilianguka kipande kikiwa mkononi. Tangu siku ile nikisikia tu hatua nzito nabadilisha mapema, au natupa guruneti la umeme, ambalo ndilo dawa ya maroboti, kisha ndiyo napiga. Bastola ya pembeni haiishiwi risasi, inajichaji yenyewe, lakini ni ya kukuvusha tu.

Kuanguka si kufa, na hapa ndipo niliposimamisha gemu nikamwambia mdogo wangu, tazama hii. Ukipigwa ukaanguka, skrini haikurudishi mwanzo. Umelala chini, bado uko ndani ya helmeti, unaona miguu ya watu na risasi zikipita juu yako, na bado unaweza kutoa amri. Unawaita waje wakuinue, au unawaambia waendelee na kazi waliyonayo. Mara moja kwenye ukumbi wa Geonosis nilianguka wakati Fixer anatega bomu mlangoni. Nikiwaita, kutega kutakatika. Nikawaacha waendelee. Nililala pale nikimhesabia sekunde, mlango ukapasuka, ndipo nikamwita, akaja akainama juu yangu na vifaa vyake, kioo kikawaka tena. Na wewe unawafanyia hivyohivyo wakianguka. Wote wanne mkiwa chini ndiyo basi.

Amri zenyewe zinatolewa kwa kitufe kimoja. Ukiangalia mlango, kuna amri ya kuuvunja. Ukiangalia kompyuta, kuna amri ya kuidukua. Ukiangalia kona nzuri ya kupigia, inajichora sura ya askari wa mwanga wa buluu akiwa amepiga goti na bunduki ya mdunguzi, nawe ukibonyeza, mmoja wao anakwenda kukaa pale na mkono wa kushoto wa Boss unapita mbele ya kioo ukitoa ishara. Kila mmoja ana ujuzi wake katika hadithi, lakini vitani kila mmoja anaweza kazi ya mwenzake, na deraya zao zote zina kila kinachohitajika. Nimeona watu wakilalamika kuhusu hilo. Mimi naona ni sawa kabisa: kikosi cha watu wanne ambacho mlango haufunguki kwa sababu fundi wa milango amelala chini, hicho kitakufa.

Ninachokilalamikia mimi ni kwamba kona hizo zimewekwa tayari na waliotengeneza gemu. Huwezi kumwambia Sev apande juu ya paa unalolitaka wewe. Atapanda pale tu palipochorwa. Na mtu uliyemweka kwenye kona anaweza kubaki pale akipigwa mpaka aanguke usipomkumbuka. Mara ya pili nikicheza nilijizoesha kutazama hali zao kwenye kioo kila baada ya muda, na nikawa nawaondoa mapema.

Sehemu ya pili, ndani ya meli ya kivita iitwayo Prosecutor, ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Meli imekutwa ikielea kimya, haijibu. Korido zina giza na helmeti ina hali ya kuona gizani, ambayo huko Geonosis sikuihitaji sana. Kuna kipande unachokitembea peke yako, mawasiliano hakuna. Deraya ni ileile, bunduki ni ileile, kioo kinafanya kazi vilevile, ila redio imenyamaza. Sikujua nilikuwa nimeizoea redio kiasi gani. Nilipunguza mwendo, nikawa nageuka nyuma kila baada ya milango miwili. Mdogo wangu naye alinyamaza. Sauti ya kwanza ya mwenzangu iliporudi masikioni tulitazamana.

Huko ndani pia ndiko unakoanza kuokota silaha za Trandoshan, watu wa magamba kama kenge, kwa sababu risasi za DC-17m zinapungua. Ile bunduki yao ya kutawanya risasi ni kali sana kwa karibu, haifai kwa mbali. Ukifika Kashyyyk utakutana pia na upinde wa Wookiee, wale wenyeji wa huko wenye manyoya, na huo ukiupata usiuache.

Kwa anayetaka kununua: ni fupi. Mara ya kwanza nilitumia kama saa tisa, kwa siku nne. Toleo la 2021 ni la kampeni ya mtu mmoja tu, lile la kupigana na watu wengine lililokuwamo mwanzo halimo. Kwenye kompyuta yangu ilikwamakwama mpaka niliposhusha mpangilio wa picha uitwao "bump mapping" hadi chini, ikawa laini kama maji. Na kwa kuwa ilitengenezwa enzi za skrini za mraba, nililazimika kurekebisha faili la mipangilio ili ijae kwenye skrini pana. Ni kazi ya robo saa. Picha zimezeeka, hasa sura za watu wasiovaa helmeti. Deraya hazijazeeka. Mikwaruzo ya rangi, vumbi la Geonosis, taa ndogo za buluu kwenye kioo cha mwenzako anapokugeukia, vyote bado vinanishawishi.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa.

Kashyyyk mnamaliza mkiwa mmetawanyika, kila mmoja ametumwa kwenye mzinga wake ili muiangushe meli ya adui juu ya mji. Meli inaanguka. Mnatakiwa kukutana muondoke. Ndipo Sev anaita kwenye redio kwamba amezingirwa, sauti yake inakatikakatika, kisha inakatika moja kwa moja. Boss anataka kurudi, wote wanataka kurudi, na amri inakuja kwamba hapana, ondokeni sasa. Nilibonyeza vitufe vyote vya mwendo. Gemu ilikuwa imeshanipokonya usukani. Hakuna mwendelezo wa gemu hii uliowahi kutoka, kwa hiyo pale ndipo alipoachwa tangu 2005.

Mdogo wangu akauliza, "Kaka, kwani deraya yake si inajijaza?"

Nikamwambia ngao inajaa, kama atapata pa kujificha.

"Basi tumrudie."

Nikaanza upya kutoka Geonosis usiku uleule, na safari ile kila Sev alipoanguka nilimwinua mimi mwenyewe.