TAHADHARI: Anayeuza "dawa ya rasta" upande wa Hombolo anatuibia

Mbukwenyi wakulima wenzangu. Kuna kijana anazunguka na pikipiki kwenye mashamba ya nyanya huku Hombolo, Dodoma, anauza kimiminika cha kahawia ndani ya chupa za maji ya kunywa. Anakiita dawa ya rasta, ugonjwa wa nyanya. Chupa moja shilingi 25,000. Mimi nimenunua tatu. Nawaomba msinunue hata moja.

Rasta haina dawa. Ule ugonjwa wa majani kujikunja kwenda juu, kuwa madogo na ya njano pembezoni, mche kudumaa na maua kupukutika, ni virusi vinavyoenezwa na nzi weupe. Vikishaingia kwenye mche, hakuna cha kupulizia kitakachovitoa. Dawa za dukani zinaua nzi tu.

Yule kijana alinikuta miche ina wiki nne tangu niitoe kitaluni, robo eka, mistari minne imeanza kujikunja. Akanionyesha picha mbili kwenye simu, mche wa njano na mche wa kijani, akadai ni uleule baada ya siku kumi. Akapulizia mistari miwili bure. Siku ya tano majani yalikuwa yamekolea ukijani kweli, nikatoa hela. Afisa ugani alipokuja akaniambia inaelekea ni busta tu, mbolea ya majani. Mche mgonjwa ukilishwa naitrojeni unapata rangi, lakini tazama kileleni: majani mapya yanatoka yamejikunja vilevile. Mimi sikutazama kileleni.

Ile 75,000 ningeisahau. Kinachoniuma ni wiki tatu nilizoiacha miche ile shambani nikingoja ipone. Nzi mweupe akishanyonya mche mgonjwa, kesho yake tu anaweza kuambukiza mwingine, na anabaki na virusi hivyo mpaka afe. Mistari minne ikawa shamba zima. Jirani yangu, mama anayesomesha watoto kwa nyanya hizo, naye sasa anang'oa. Nimekwenda kumwomba radhi. Ilitakiwa niing'oe mapema, asubuhi kukiwa bado na baridi nzi hawaruki sana, kila mche niuvishe mfuko kwanza ndipo niung'oe, kisha niuzike.

Nilimuuliza yule kijana lebo iko wapi. Akasema amepunguza kutoka kwenye dumu kubwa ili sisi wadogo tumudu. Jamani, kiuatilifu halali kinasajiliwa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na namba ya usajili inaandikwa kwenye lebo. Hana duka, hatoi risiti, na namba yake ya simu sasa haipatikani. Tena chupa ya maji ya kunywa ndani ya nyumba yenye watoto! Kama umenunua, iweke leo mahali ambapo watoto hawawezi kuifikia.

Nimesikia ameanza kuuza na mbegu "zisizoshika rasta", amezifunga kwenye vinailoni. Mbegu zinazostahimili zipo kweli, ila zinakuwa kwenye pakiti ya kampuni yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na hata hizo kitalu chake kinahitaji neti ya matundu madogo nzi asipenye.

Chupa yangu ya tatu sijaifungua, naipeleka polisi kama ushahidi. Mliouziwa tuungane, hata kama unaona aibu. Na ukimwona shambani kwako usimpige, mwite mwenyekiti wa mtaa.