Mpe chuma, rangi umnyime: karakana ya fremu kuukuu Mwembe Tayari

Mafundi baiskeli Mombasa wamejaa tele, ila wengi wao ni wa panchari, spoki na breki. Ukimpelekea mmoja wao fremu ya chuma iliyoungwa kwa mkono, yenye soketi kwenye maungio (vifuko vya chuma ambamo mabomba huingizwa), ataishughulikia kama Black Mamba ya kubebea mikate: nyundo, weldi ya umeme, rangi nyeusi, imekwisha. Karakana hii ya mlango mmoja huku Mwembe Tayari ni tofauti, na tofauti yenyewe huonekana kabla spana haijashikwa.

Fremu ikifika, fundi hupitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na shingo. Rangi ikiwa imejikunja hapo kama utando wa maziwa, ujue iliwahi kugonga kwa mbele. Halafu huchukua uzi: anaufunga nyuma pale inapokaa ekseli upande wa kulia, anauzungusha shingoni na kuurudisha kushoto. Anapima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, huku na huku. Zikipishana zaidi ya milimita 2, mkia umepinda, na hunyooshwa baridi, kidogo kidogo, bila moto. Upana wa nyuma, pale gurudumu linapokaa, wa milimita 126 huupanua hadi 130 bila taabu. Chuma kinakubali, aluminiamu haikubali.

Kazi yake bora ni kutoa mti wa siti, ile nguzo inayobeba siti, uliong'ang'ania. Hapa kwetu chumvi ya bahari iko hewani, na mti wa aluminiamu ndani ya bomba la chuma hushikana kama saruji. Wengi huugonga, au huuzungusha kwa bomba refu mpaka bomba la siti linajikunja. Yeye hupindua fremu, humimina mafuta ya kulegeza kupitia tundu la ekseli ya pedali, na kuiacha siku tatu au nne. Kisha kichwa cha mti hubanwa kwenye jiliwa na fremu yenyewe ndiyo inayozungushwa, mbele na nyuma, taratibu. Ikishindikana, hukata mti na kuuchana kwa ndani kwa ubao wa msumeno wa chuma. Ni kazi ya nusu siku, na ukimharakisha atakukatia bomba.

Wenye Raleigh, zile baiskeli za Kiingereza za Nottingham, wamsikilize hasa. Nyingi za zamani zina meno ya skrubu 26 kwa inchi kwenye vikombe vya ekseli ya pedali, vinavyoshika gololi zake, na vikombe vinavyouzwa madukani ni vya meno 24. Kikombe kipya huingia mizunguko miwili kisha kinakaza, na mwenye pupa hukikaza zaidi. Meno ya fremu yanakwisha hapo hapo. Fundi huyu husafisha vikombe vya zamani, anabadilisha gololi tu: 11 za robo inchi kila upande. Tena anakumbuka kwamba kikombe cha upande wa cheni hufunguka kwa kuzungushwa kama unayekaza. Kota pini, zile zinazobana krenki kwenye ekseli, huzitoa kwa kuegemeza krenki juu ya kipande cha bomba, pigo moja zito. Pini za Kiingereza ni milimita 9.5, za 9 zitacheza.

Ungio lililopasuka hulichomelea kwa gesi na rodi ya fedha, inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko shaba. Hilo ni muhimu kwa bomba za Reynolds 531, mabomba mepesi ya chuma ya Kiingereza yaliyotoka mwaka 1935: baadhi yake katikati zina unene wa nusu milimita hivi, na weldi ya umeme huzitoboa au kuzifanya zikatike pembeni mwa ungio.

Sasa rangi. Hapo anaharibu. Hupiga msasa jioni, praima asubuhi, na kwa unyevu wa Mombasa chuma kitupu kinaamka na vumbi la kutu usiku mmoja tu. Rangi inashika kutu badala ya chuma, na baada ya masika inavimba. Tena huipiga nzito, ikafunika kingo za soketi na namba ya fremu, na kuingia kwenye meno ya vikombe. Mwambie mapema: “Fundi, nipe ikiwa tupu, imepakwa mafuta.” Mwombe pia amimine mafuta ndani ya mabomba na kuigeuza geuza, huko ndiko kutu huanzia, na hafanyi mpaka aambiwe.

Bei hupatanwa baada ya ukaguzi. Nenda asubuhi, jua halijawa kali.