Zeolaiti A au MOF-5?
Zote mbili ni fuwele zenye vinyweleo vidogo mno vinavyonasa molekuli za maji au gesi. Zeolaiti A hupikwa kwa maji: silika, alumina na soda kostiki hukaa kwenye joto la karibu nyuzi 100 kwa saa kadhaa, fuwele zikajitunga. Ni imara, ikiloa, ichome ikauke, itumike tena. Kwa kukausha gesi naichagua bila kusita.

MOF-5 (MOF ni kifupi cha Kiingereza cha kiunzi cha metali na molekuli za kikaboni), iliyotangazwa mwaka 1999 na kundi la mwanakemia Omar Yaghi, huunganisha zinki na asidi ya tereftaliki ndani ya kiyeyushi cha kikaboni. Gramu moja ina eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 2,000; hapo zeolaiti haifui dafu. Lakini unyevu wa hewa tu huibomoa, inasikitisha! Kabla ya kupima eneo lake la ndani kwa gesi ya nitrojeni, ipige eksirei kwanza: vilele vya grafu ya eksirei vikihama au kufifia, vinyweleo vimeharibika.