Majaketi okozi ya 18,000: niliyatia majini kabla ya kumvika abiria

Nina boti moja ya faiba, mashine Yamaha ya farasi 40, inapeleka watu kisiwa cha Mbudya kutoka Kunduchi. Mwezi wa sita, kusi likianza kukolea, nikawa nahitaji majaketi okozi kumi na mawili. Ya zamani yalishaliwa na jua, ukivuta mkanda unabaki nao mkononi.

Duka la kwanza lipo Kariakoo, jina naliacha. Shilingi 18,000 kwa moja. Kijana wa dukani akaniambia, "Chukua kaka, ndiyo haya haya ya kwenye meli za Unguja." Kwa macho huoni kasoro: rangi ya chungwa, filimbi, mistari inayong'aa ukiimulika. Nikachukua mawili tu, nikamwambia nitarudi.

Jumapili maji yamejaa nikamvika baharia wangu moja, nikamwomba ajilegeze kama aliyezimia. Akaelea, kweli, lakini kifudifudi. Nikamgeuza chali, wimbi dogo likamrudisha kule kule. Hapo ndipo nikasoma lebo ya ndani, maandishi madogo kama ya dawa ya kikohozi: nyutoni 50, yaani kipimo cha nguvu ya kuelea. Hicho ni kifaa cha kumsaidia mtu anayejua kuogelea, tena akiwa na fahamu zake. Jaketi la melini, kwa kanuni za kimataifa, hutakiwa kumgeuza upesi mtu aliyezimia uso ukatazama juu, na likikaa majini saa 24 lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake ya kuelea.

Hilo la saa 24 nalo nikalijaribu, kwenye pipa nyumbani. Asubuhi nilipolitoa lilichuruzika kama dodoki. Ndani mna sponji ya godoro! Nikalifunga nanga yangu ndogo ya kilo 8, vikazama pamoja.

Duka la pili ni la vifaa vya uvuvi, mzee mmoja na binti yake. Moja 65,000, na hapunguzi. Lebo imeshonwa, nyutoni 150, kola nene nyuma ya shingo. Mzee mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Abiria wako wana watoto?" maana la mtoto linataka mkanda wa kupita katikati ya mapaja, la sivyo anachomoka kwa chini. Baharia akajilegeza tena, nikahesabu: moja, mbili, tatu, uso juu. Nanga ile ile ikaning'inia, jaketi halikutikisika. Kasoro zipo. Linabana shingo, na kina dada wanaokwenda kupiga picha kisiwani wananinunia. Na ya watoto alikuwa nayo mawili tu, mengine nilisubiri wiki tatu.

Kuna mwenzangu ananicheka kwa gharama hii: mkaguzi akija si anahesabu vichwa na majaketi? Sheria ya Usafirishaji Majini ya 2003 ipo, na tangu 2018 huku Bara TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndiyo yenye kusimamia usalama wa vyombo. Lakini sheria haipo kwenye boti mashine ikizima katikati ya mkondo. Wakenya mwaka 2018 walitunga sheria wakaanzisha kikosi chao cha walinzi wa pwani. Sisi tunawategemea wanamaji wa jeshi, polisi wanamaji na kituo cha kuratibu uokoaji hapa Dar. Sawa, waje hata kwa kasi ya risasi, wakukute bado unapumua. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya abiria MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea hapa Dar, sisi Kunduchi hatukuwa tumetoa hata ngalawa kwa upepo ule. Tangu siku ile jaketi silinunui kwa rangi.

Duka la Kariakoo linapata nyota moja, ya filimbi; inalia vizuri. La mzee nyota nne, ya tano nitampa akileta ya watoto ya kutosha. Ukienda popote, bonyeza jaketi kwa kidole, soma lebo, na kama lebo haipo rudisha.

Yale mawili nimeyachana. Sponji tumeifanya kiti cha nyuma pale kwenye mashine, ila mvua ikinyesha hakikaliki.