Duka la dawa la zamu Würzburg, siku ya Jumapili: yaliyonikuta

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa nimerudi Mwanza siku nyingi. Wiki nilizokaa kwa mdogo wangu Würzburg, kule Bavaria, Ujerumani, zilikuwa nzuri. Hilo nalisema mapema nisije nikaonekana mtu wa kulalamika. Shemeji ni mtu wa heshima, na tremu inafika kwa dakika iliyoandikwa. Mpwa wangu wa miaka minne alinizoesha kurudisha chupa tupu kwenye mashine ya dukani, chupa ya plastiki ya kutupwa unapewa senti 25, na hakubali mama mkubwa abonyeze kile kitufe cha risiti. Kibonyeze mwingine uone kilio.

Basi ni huyo huyo mtoto aliyeshikwa na homa. Usiku wa Jumamosi alichemka mwili mzima, asubuhi kipimo kikasoma 39 na kitu. Mdogo wangu akafungua kabati, chupa ya dawa ya maji ya homa imebaki matone. Shemeji yuko zamu kazini. Nikasema nipeni hela, mimi naenda.

Asiyejua Jumapili ya Ujerumani asikie: nchi imefungwa. Siku hiyo inalindwa na katiba yenyewe, kifungu kilichoandikwa mwaka 1919 ambacho mpaka leo kinafanya kazi. Na hata siku ya kawaida, supermaketi haikuuzii panado. Dawa za namna hiyo ziko kwenye maduka ya dawa peke yake, yale yenye A kubwa nyekundu mlangoni, na mengi Jumamosi hufunga mchana. Jumapili yanapokezana zamu. Unakwenda kwenye lolote lililo karibu, unasoma tangazo mlangoni, linakuelekeza lililo wazi. La siku hiyo lilikuwa ng'ambo ya mto Main. Tremu za Jumapili ni chache, nikavuka daraja kwa miguu, karibu nakimbia.

Nafika, mlango umefungwa. Kumbe duka la zamu halikufungulii mlango, linakuhudumia kwa kidirisha. Sawa, utaratibu wao. Nikapiga kengele. Akaja bwana wa makamo, koti jeupe, akafungua kidirisha kiasi cha kupitisha mkono. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kuungaunga: mtoto, miaka minne, homa, paracetamol. Akaniuliza kitu. Sikukielewa. Nikamwomba kwa Kiingereza arudie polepole. Akarudia neno lile lile, haraka vile vile, ila sasa kwa sauti ya ukali. Nikainua simu, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nampigia mama wa mtoto waongee. Simu inaita. Yule bwana akafunga kidirisha.

Alinifungia usoni! Namwona kwa kioo anarudi ndani, anavuta kiti, anakaa. Mtoto ana homa, na mtu mwenye dawa amekaa hatua chache kutoka nilipo, anapekua makaratasi.

Akaja mama mmoja wa Kijerumani, akapiga kengele. Bwana akanyanyuka, akafungua, akamsemesha juu ya bega langu kana kwamba sipo. Akampa dawa ya pua, akapokea hela, wakatakiana Jumapili njema. Yule mama alinitazama, nadhani aliona aibu kwa niaba yake, lakini akaondoka. Kidirisha kikafungwa tena.

Nikapiga kengele na kidole sikukitoa.

Safari hiyo mdogo wangu alikuwa ameshapokea, nikaisogeza simu mpaka kwenye kidirisha. Na hapa ndipo panaponichanganya mpaka leo. Kumbe alichokuwa anauliza ni uzito wa mtoto. Kusikia kilo 17, bwana akawa mtu mwingine. Akauliza kama anakunywa maji, kama anatapika, kama shingo imekakamaa. Alileta kwanza dawa za kuweka njia ya haja kubwa, ndizo wanazopenda kule kwa watoto. Mdogo wangu akasema anataka ya maji, akabadilisha bila kununa. Akaandika kwa kalamu juu ya boksi kiasi cha kumpa na saa za kusubiri katikati. Akasema homa ikigoma tupige 116117 kwa daktari wa zamu, na mtoto akilegea asiitike, 112 papo hapo.

Niseme ukweli, kwetu hakuna muuza dawa aliyewahi kuniuliza kilo za mtoto. Unataja homa, unapewa chupa, na wengine watakufungia antibiotiki nusu dozi bila cheti cha daktari. Yule bwana kazi yake anaijua. Jioni mtoto alikuwa anadai chapati.

Kwa hiyo nilipanga kutoa nyota nne, nipunguze moja ya ukali. Lakini kila nikiandika damu inachemka. Alijua kuuliza yote hayo, basi alishindwa nini kunyoosha kidole kwenye mizani? Alishindwa kusubiri simu iite? Hata ile yuro 2.50 aliyoongeza juu ya bei ya dawa hakuitaja. Ni mdogo wangu aliyenieleza nyumbani kwamba ni ada halali ya zamu. Na huu ni mji dada wa Mwanza tangu mwaka 1966! Madaktari wa kwao wanakuja hospitali yetu ya Bugando miaka yote, hawajui Kiswahili, na hakuna anayewafungia mlango. Tunawatafutia mtu wa kuwatafsiria, tunawapa kiti. Nyota moja, na hiyo ni ya mwandiko wake juu ya boksi.

Wenye safari: panado ya watoto nunueni mapema, msingoje Jumamosi jioni. Uzito wa mtoto uandikeni kwa tarakimu kwenye karatasi, huhitaji lugha kuionyesha. Duka la zamu mnaweza pia kulipata kwa kupiga 22833 kwa simu ya mkononi ya kule. Na mkifungiwa kidirisha msiondoke, pigeni kengele mpaka kifunguliwe.