Bunduki ya XRF kwa mawe ya Ruangwa: chimbuko la jiwe inalisoma, kinywe haikioni

Anayetafuta kifaa cha kupimia mawe mkoani Lindi ataoneshwa kwanza XRF ya mkononi, kifaa cha kupima elementi kwa eksirei, chenye umbo la bunduki. Ni mashine nzuri sana ikipewa kazi yake. Tatizo ni kwamba wengi huku wanaitaka kwa ajili ya kinywe (grafiti), na hiyo si kazi yake.

Inapiga eksirei kwenye jiwe. Kila elementi inajibu kwa eksirei yenye nishati yake yenyewe, na kitambuzi kinazihesabu. Kwa kanuni hiyohiyo chombo cha anga cha Marekani, MESSENGER, kiliipima sayari ya Utaridi (vitabu vya shule huiita Zebaki) kikiwa kwenye mzingo wake kuanzia Machi 2011 hadi kilipoanguka juu yake tarehe 30 Aprili 2015. Bunduki ina tyubu yake ya kilovolti 40 au 50. MESSENGER ilitegemea eksirei za Jua: Jua likiwa tulivu iliona magnesiamu, alumini na silikoni tu, na mpaka litoe mlipuko mkali ndipo salfa, kalisi na chuma vikajitokeza.

Majibu yake yanaonesha namba za namna hii zinavyoweza kusema mengi. Salfa ilifika hadi asilimia 4 hivi ya uzito, ilhali kwenye ganda la Dunia haifiki asilimia 0.1. Chuma nacho kilikuwa kidogo, karibu asilimia 2 au pungufu. Namba hizo mbili zinakwenda pamoja. Palipo na uhaba wa oksijeni, chuma hubaki metali na kuzama kwenye kiini, na salfa hupata nafasi ya kuyeyuka ndani ya magma (mwamba ulioyeyuka). Ndiyo maana tunajua Utaridi iliumbwa kwa mali ghafi yenye oksijeni chache, na kiini chake kinachukua zaidi ya asilimia 80 ya nusu kipenyo cha sayari nzima.

Kwa mawe ya Lindi mashine itakupa elementi kuanzia magnesiamu kwenda kwenye zilizo nzito zaidi: silikoni, potasiamu, kalisi, titani, chuma. Utaridi haina mvua wala hewa nzito. Ruangwa mvua na joto vimelipika jiwe likavaa ganda jekundu. Ukielekeza bunduki kwenye ganda hilo utasoma chuma kingi, na salfa utaikosa kwa sababu pairaiti (madini ya chuma na salfa) ya juu imeshaoza. Vunja kwa nyundo, pima uso mpya. Eksirei ya magnesiamu inatoka kina cha mikromita chache tu, kwa hiyo hata vumbi la kidole linaharibu kipimo.

Kipimo cha kuaminika kinataka unga. Kausha sampuli kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, saga ipite chekecho la mikromita 75, jaza kikombe angalau sentimita moja, funika kwa filamu nyembamba ya polipropilini. Usiiache wazi usiku kucha. Hewa ya pwani itairudishia unyevu. Pima sekunde 60 hadi 90, mara tatu, ukitikisa kikombe kila mara. Pima pia sampuli rejea yenye thamani inayojulikana, asubuhi na jioni. Magnesiamu ikiwa chini ya asilimia 1 usiitegemee. Kati ya sampuli na sampuli, linganisha uwiano, kama magnesiamu kwa silikoni. Huvumilia kasoro za maandalizi kuliko asilimia moja moja.

Sasa kinywe. Kinywe ni kaboni, na eksirei ya kaboni ni dhaifu mno: hewa na dirisha la mashine vinaimeza yote. Kioo huonesha mstari wa “LE” au “Bal”, na hapo ndipo watu hupotea, wakidhani ni kinywe. Huo ni mabaki tu, yaani mia toa vilivyoonekana, na ndani yake kuna oksijeni, ambayo peke yake ni karibu nusu ya uzito wa jiwe la kawaida. Jiwe lisilo na chembe ya kinywe litakuonesha LE kubwa vilevile. Usinunue wala kuuza mzigo kwa namba hiyo. Peleka maabara: kaboneti (madini yenye kaboni isiyo ya kinywe) ziondolewe kwa asidi ya hidrokloriki, sampuli ichomwe ndani ya oksijeni, na gesi ya kaboni ipimwe.

MESSENGER nayo kaboni haikuipata kwa eksirei. Ilihitaji kupima nyutroni (chembe zinazotoka ndani ya atomi), mwishoni mwa safari ilipopita chini kabisa, na matokeo ya 2016 yakaonesha maeneo meusi yana kaboni zaidi kwa asilimia 1 hadi 3. Maelezo yanayokubalika ni kinywe kilichoelea juu ya bahari ya magma, kwa kuwa ni chepesi kuliko magma yenyewe. Kinywe cha Ruangwa kina asili nyingine kabisa: mashapo yenye mabaki ya viumbe, yaliyopikwa na kukandamizwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Nyota nne kwa kutambua aina za miamba na kufuatilia chuma na titani. Kwa kinywe, sifuri. Mashine hutoa mionzi, hivyo kabla ya kulipa ulizia kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na usishike sampuli mkononi wakati taa nyekundu inawaka.